SOMO LA UTUNZAJI WA MALI YA CHAMA: TAA YA OILI INAPOWAKA

Lengo la somo hili ni kuwawezesha wajumbe wa kamati, makatibu, madereva na mafundi wa vyama vya msingi kufahamu kwa nini viungo vya injini kuukuu hupungukiwa na oili, na namna ya kutafuta chanzo chake kwa utaratibu usiopoteza fedha za wanachama. Injini iliyochaguliwa kuwa mfano ni ile ya petroli ya Land Rover, yenye silinda 4 na ujazo wa sentimita 2,286 za ujazo, yaani lita mbili na robo na zaidi kidogo. Injini hiyo ilianza kutiwa katika Land Rover za Series II mwaka 1958, ikaendelea katika Series IIA, na ikatumika pia katika Series III zilizotengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Kwa hiyo hata gari changa kuliko yote ya aina hiyo sasa lina umri wa miaka 40 hivi.

Umri peke yake hauui injini. Injini ya aina hii ni nzito, ya kizamani na rahisi kufunguliwa. Fundi mwenye spana za kawaida aweza kuitengeneza chini ya mwembe. Kinachoiua upesi ni kukosa oili. Na injini ikifa wakati wa mavuno, hasara haiwi ya gari pekee: mazao hulala katika vituo vya kukusanyia, mlanguzi hupata nafasi, na mwanachama huanza kuuliza fedha za chama zimekwenda wapi. Kwa sababu hiyo taa ndogo ya oili katika dashibodi ni jambo la kamati nzima, si la dereva peke yake.

1. KAZI YA OILI

Ndani ya injini vyuma huzunguka na kusuguana kwa kasi. Kranki, ambayo ndiyo mhimili mkuu, hulala juu ya beringi za metali laini. Kati ya kranki na metali hizo pana nafasi nyembamba kuliko unywele. Oili husukumwa kuingia katika nafasi hiyo ikafanya utando, na kranki huelea juu ya utando huo bila kugusa metali. Utando ukikatika, chuma hugusa metali, joto hupanda ghafla, metali huyeyuka na kukamata. Hapo ndipo injini "hukaza", na kazi ya dakika chache hugeuka kuwa gharama ya kuchonga kranki, kununua metali mpya, na pengine kutupa kono la pistoni.

Zaidi ya kulainisha, oili hupooza beringi, hubeba taka hadi katika chujio, na huzuia kutu. Ndiyo sababu oili huchakaa, na ndiyo sababu haina budi kubadilishwa hata kama haikupungua.

2. NJIA YA OILI

Afahamuye njia ya oili hatapata shida kutafuta ugonjwa wake. Njia yenyewe ni hii:

(a) Oili hukaa katika sampu, yaani bakuli lililo chini ya injini. Sampu ya injini hii huchukua lita 6.25 hivi, na chujio linapobadilishwa huongezwa lita 0.85 hivi.

(b) Pampu ya oili imo ndani ya sampu. Huvuta oili kwa kupitia kichungi cha waya, kisha meno ya gia zake mbili huisukuma mbele. Pampu huendeshwa na mhimili mfupi uliosimama wima, nao huzungushwa na gia iliyo ubavuni mwa kamshafti. Gia hiyo hiyo ndiyo iendeshayo distributa kwa upande wa juu.

(c) Katika pampu pana vali ya kupunguza presha, iliyofungwa kwa springi. Presha ikizidi kiasi, vali hufunguka na kurudisha oili ya ziada katika sampu.

(d) Oili husukumwa hadi katika chujio lililo ubavuni mwa injini, ambako taka hubaki.

(e) Kutoka katika chujio oili huingia katika mfereji mkuu uliotobolewa ndani ya bloku, ikagawanywa kwa beringi za kranki, beringi za kamshafti, na juu kabisa kwa mhimili wa roka unaofungua vali za injini. Injini za aina hii zilikuwa na beringi kuu 3 za kranki hadi 1980, na tangu mwaka huo zikawa na 5.

(f) Ikiisha kupita katika viungo hivyo, oili hudondoka yenyewe hadi katika sampu, na safari huanza tena.

Yafaa kuangaliwa sana jambo moja katika (b). Kwa kuwa pampu na distributa huendeshwa na gia moja, lakini kila kimoja kwa mhimili wake, mhimili wa pampu waweza kukatika au meno yake kulika huku distributa ikiendelea kuzunguka. Maana yake ni kwamba injini itaendelea kuunguruma vizuri bila tone la oili kusukumwa. Basi mlio mzuri wa injini si ushahidi kwamba oili inapita. Ushahidi ni presha.

3. MAANA YA PRESHA

Watu wengi hudhani kwamba pampu ndiyo hutengeneza presha. Sivyo hasa. Pampu husukuma kiasi cha oili. Presha hutokea kwa sababu oili hiyo hulazimishwa kupita katika nafasi nyembamba. Mfano wake ni mpira wa kumwagilia bustani: ukibana mdomo wake kwa kidole, maji huruka mbali, ukiachia, maji humwagika karibu, ingawa bomba ni lile lile. Hivyo presha yaweza kushuka kwa sababu tatu: oili inayosukumwa ni kidogo, au oili ni nyepesi mno, ikapita bila kizuizi, au nafasi za beringi zimepanuka kwa kulika.

Sababu hizo tatu hazilingani kwa gharama. Kuongeza oili ni kazi ya dakika tano. Kubadilisha oili iliyokuwa nyepesi ni kazi ya asubuhi moja. Kutengeneza beringi ni kazi ya majuma, nayo huhitaji idhini ya kamati. Kwa hiyo atafutaye chanzo cha ugonjwa aanze na kilicho rahisi na kuishia na kilicho ghali, wala asigeuze mpango huo.

Kiwango cha injini hii ni pauni 35 hadi 65 kwa kila inchi ya mraba, injini ikiwa imekwisha pata moto na gari likienda kilomita 50 kwa saa katika gia ya nne. Injini ikiwa moto na gari limesimama, presha hushuka sana, kwa kuwa pampu huzunguka polepole na oili imekuwa nyepesi. Hilo si ajabu. Taa ya dashibodi haionyeshi kiasi cha presha. Huwaka tu presha inapokuwa ndogo mno, aghalabu chini ya pauni 10. Kwa hiyo taa ikizimika haimaanishi kwamba presha ni nzuri. Yamaanisha tu kwamba haijafikia hali ya hatari. Gari la chama likitiwa geji ya oili, dereva ataona ugonjwa ungali mbali.

4. TAA IKIWAKA NJIANI

Taa ikiwaka gari likiwa mwendoni na isizimike, dereva hana budi kusimama mahali pa salama na kuzima injini mara moja. Asijaribu kufika kituo kinachofuata, hata kama kipo upande wa pili wa kilima. Kisha afuate mpango huu:

Kwanza, angoje dakika chache, oili ishuke katika sampu, kisha apime kwa kijiti gari likiwa mahali tambarare.

Pili, achungulie chini ya gari na pembeni mwa chujio, aone kama pana oili inayomwagika.

Tatu, ikiwa oili imepungua na hakuna panapovuja sana, aongeze hadi alama ya juu, awashe injini na kuitazama taa. Ikizimika, aendelee polepole huku akipima mara kwa mara.

Nne, ikiwa oili imejaa na taa ingali ikiwaka, injini isiwashwe tena. Gari livutwe. Gharama ya kulivuta gari ni ndogo mno ikilinganishwa na ya kununua kranki.

Taa inayometameta wakati gari limesimama tu, kisha ikazimika mara injini inapoongezwa kasi kidogo, si sababu ya kuliacha gari porini. Lakini ni habari ya kuandikwa siku hiyo hiyo katika daftari la gari na kupelekwa kwa katibu.

5. HATUA ZA KUTAFUTA CHANZO

Hatua ya kwanza: taa yenyewe. Ufunguo ukizungushwa kabla ya kuwasha injini, taa haina budi kuwaka. Isipowaka, balbu imeungua au waya umekatika, na gari hilo lafanya kazi bila mlinzi. Ikiwa taa haizimiki kamwe, waya utolewe katika swichi ya oili, ufunguo ukiwa umefunguliwa na injini imezimwa. Taa ikizimika, waya ni mzima. Ikiendelea kuwaka, waya umechubuka na kugusa bodi, na huenda injini haina ugonjwa wowote.

Hatua ya pili: kiasi na hali ya oili. Kijiti kisitazamwe kwa ajili ya kiasi tu. Oili ipakwe katika vidole viwili na kunuswa. Ikinuka petroli na kuteleza kama maji, imechanganyika. Ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingia maji. Tena, oili iliyozidi alama ya juu bila mtu kuiongeza ni dalili mbaya kuliko iliyopungua, maana oili haizaliani. Kilichoongezeka ni kitu kingine. Katika injini hii petroli huweza kuingia kwa kupitia pampu ya petroli iliyofungwa ubavuni mwa injini, kiwambo chake kinapopasuka.

Hatua ya tatu: aina ya oili. Kwa nchi zetu za joto, oili ya 20W-50 huifaa injini hii. Wapo wanaotia oili nzito zaidi ili taa izimike. Tendo hilo ni sawa na kumfunga mgonjwa mdomo ili asilalamike: geji hupanda, lakini injini ikiwa baridi oili hiyo huchelewa kufika katika beringi na roka, nao ni wakati ambapo vyuma hulika zaidi.

Hatua ya nne: presha halisi. Swichi ya oili ifunguliwe na mahali pake ifungwe geji ya fundi. Injini ipate moto sawasawa, kisha presha isomwe na kuandikwa, kwanza injini ikinguruma polepole, halafu ikienda kasi. Bila namba hizo mbili, maneno ya fundi yeyote kwamba "beringi zimekwisha" ni dhana tu.

Hatua ya tano: chujio. Litolewe na kukatwa kwa msumeno au kisu. Mikunjo yake itandazwe juani na kutazamwa. Chembe zinazoshika katika sumaku ni za chuma, nazo hutoka katika gia au mihimili. Chembe zinazong'aa, nyeupe au za rangi ya shaba, zisizoshika katika sumaku, aghalabu hutoka katika metali za beringi. Zikiwa nyingi, safari ya kufungua injini haikwepeki. Chujio jipya linapotiwa, mpira wa zamani utolewe kabisa katika mfuo wake kabla ya kuweka mpya. Mpira mmoja juu ya mwingine huvujisha oili yote kwa safari moja.

Hatua ya sita: sampu, kichungi, vali na pampu. Hatua hii yaelezwa peke yake hapa chini.

Hatua ya saba: beringi. Hufikiwa tu ikiwa hatua zote zilizotangulia hazikuonyesha kosa. Hapo metali hufunguliwa mojamoja na kranki kupimwa kwa maikromita. Kranki iliyolika huchongwa, na metali nene zaidi hununuliwa kulingana na kipimo cha mchongo, kwa hatua za inchi 0.010. Metali mpya zisitiwe katika kranki iliyolika umbo la yai. Fedha hiyo itakuwa imetupwa.

6. KUFUNGUA SAMPU NA PAMPU

Gari liwekwe juu ya magogo au stendi imara, wala lisitegemee jeki pekee. Oili imwagwe injini ikingali vuguvugu, ndani ya debe safi, ili taka zionekane. Bolti za sampu zifunguliwe pembezoni kwa zamu, na sampu ishushwe bila kukunjwa kwa bisibisi.

Matope meusi yaliyoganda chini ya sampu ni alama ya oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa. Matope hayo ndiyo huziba kichungi cha waya. Kichungi kioshwe kwa mafuta ya taa na brashi, kisha kikaushwe. Kisifutwe kwa tambara linaloacha nyuzi, kwani nyuzi huziba njia kama matope yalivyoziba.

Vali ya kupunguza presha ifunguliwe kwa uangalifu kwa sababu springi yake imebanwa. Chembe moja ya mchanga ikikaa katika kiti cha vali yatosha kuizuia isifunge, na oili yote ikarudi katika sampu kabla ya kufika katika beringi. Vali na kiti chake vioshwe, na vikiwa na makovu vibadilishwe. Springi ilinganishwe na mpya, iliyofupika haifai. Mafundi wengine huweka washa nyuma ya springi ili kupandisha presha. Jambo hilo likatazwe, maana huficha ugonjwa na laweza kupasua mpira wa chujio injini ikiwa baridi.

Pampu ifunguliwe kifuniko chake. Rula ya chuma ilazwe juu ya mdomo wa pampu, na nafasi kati ya rula na gia ipimwe kwa fila geji. Nafasi inayokubalika ni kati ya milimita 0.05 na 0.15, kulingana na aina ya gia iliyomo. Kitabu cha kiwanda ndicho chenye kauli ya mwisho. Kifuniko chenye mifuo kisirudishwe. Meno ya mhimili wa pampu yatazamwe pande zote mbili, kwa sababu iliyokwisha tajwa.

Wakati wa kurudisha, pampu ijazwe oili safi kabla ya kufungwa, vibati vya kufungia nati viwe vipya, na gaskiti ya sampu iwe mpya. Oili mpya ikiisha kutiwa, injini isiwashwe papo hapo. Waya mdogo wa koili utolewe ili plagi zisitoe cheche, kisha injini izungushwe kwa stata, kidogo kidogo kwa mapumziko, hadi taa ya oili izimike. Ndipo waya urudishwe na injini iwashwe. Iachwe ingurume polepole huku fundi akitazama chini kama pana kinachovuja.

Oili chafu isimwagwe shambani, kisimani au mtoni. Ikusanywe katika pipa lenye mfuniko. Mafundi waoshe mikono kwa sabuni, kwani oili iliyotumika ikizoeleana na ngozi kwa miaka mingi yaweza kuleta saratani. Oili iliyochanganyika na petroli huwaka upesi. Pasiwe na sigara wala koroboi karibu yake.

7. MFANO WA KUJADILI

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo. Chama cha msingi cha wakulima wa kahawa kina Land Rover moja ya Series III. Katikati ya msimu taa ya oili yaanza kumetameta. Gari lapelekwa mjini, na fundi, baada ya kusikiliza mlio tu, asema kwamba injini ifumuliwe yote. Kamati yakutana. Fedha iliyopo ni ile iliyotengwa kununulia pembejeo za wanachama. Mwenyekiti ataka itumike, kwa kuwa kahawa inangoja kubebwa. Mjumbe mmoja ashauri itiwe oili nzito hadi mwisho wa msimu.

Katibu aomba kwanza daftari la gari lisomwe mbele ya kikao. Yaonekana mambo mawili. La kwanza: tangu mwanzo wa mwaka gari lilikuwa likiongezwa lita moja ya oili kila majuma mawili, lakini kwa majuma sita ya mwisho halikuongezwa hata kidogo. La pili: petroli iliyokuwa lita 16 kwa kilomita 100 imepanda kuwa lita 19, ingawa njia ni zile zile. Injini kuukuu haiachi kula oili kwa hiari yake. Kijiti chatolewa, na oili yaonekana kuzidi alama ya juu kwa upana wa kidole, nayo yanuka petroli.

Dereva aulizwa. Ajibu: "Ndugu Mwenyekiti, taa ilianza kumetameta majuma matatu yaliyopita. Sikusema, kwa sababu nilipoleta habari ya springi iliyovunjika nilikatwa mshahara kabla ya mtu kuitazama barabara yenyewe."

Kiwambo cha pampu ya petroli chapatikana kimepasuka. Chabadilishwa pamoja na oili na chujio. Geji ya fundi yasoma pauni 38 injini ikiwa moto na ikienda kasi. Gari larudi kazini siku ya tatu, na fedha ya pembejeo haikuguswa. Lakini hadithi haikwishia hapo. Ndani ya chujio la zamani zimeonekana chembe chache za rangi ya shaba. Majuma matatu ya oili nyepesi yamekwisha kula sehemu ya metali. Kamati yaamua kupima presha kila mwezi, na kutenga fedha kidogo kidogo ili metali zitazamwe baada ya msimu.

Katika mfano huu chama kiliokolewa na daftari, na kilitiwa hasara na woga. Dereva alikosa kwa kunyamaza, na kamati ilikosa kwa kumfundisha kunyamaza. Mtumishi anayeadhibiwa kwa kuleta habari ya ubovu hataacha kuona ubovu, ataacha kuusema.

8. WAJIBU WA KILA MMOJA

Dereva apime oili kila asubuhi kabla ya kuwasha injini na kuandika: tarehe, kilomita, oili iliyokutwa, oili iliyoongezwa, na taa ilivyoonekana.

Katibu alinganishe daftari la gari na stakabadhi za oili na petroli kila mwisho wa mwezi. Oili iliyonunuliwa na isiyoonekana kuingia katika injini ni swali la kujibiwa, na oili iliyoacha kuongezwa bila sababu ni swali vile vile.

Fundi aandike alichopima, si alichodhani, na vipuri vya zamani virudishwe chamani vionwe na kamati.

Kamati, kabla ya kuidhinisha kufumuliwa kwa injini, iulize maswali manne: Presha ilipimwa kwa geji, na ilikuwa pauni ngapi injini ikiwa moto? Oili ilinuswa na kupimwa? Chujio lilikatwa, na ndani yake palikuwa na nini? Sampu ilifunguliwa, na kichungi, vali na pampu vilikuwa katika hali gani? Majibu yaandikwe katika muhtasari wa kikao. Fundi anayejua kazi yake hatachukizwa na maswali hayo.

Katika njia za vumbi na milima ni salama kubadilisha oili na chujio kila kilomita 5,000. Tarehe na kilomita za mabadiliko yajayo ziandikwe katika karatasi na kubandikwa ndani ya gari, ambapo hata mjumbe aliyepewa lifti aweza kuzisoma.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Eleza njia ya oili tangu sampu hadi mhimili wa roka. Ni mahali gani paweza kuziba, na ni mahali gani paweza kuvuja?

2. Kwa nini injini yaweza kuunguruma vizuri ilhali pampu ya oili imesimama?

3. Oili katika kijiti imepanda bila kuongezwa. Taja sababu mbili, na namna ya kuzitambua.

4. Kuna ubaya gani kutia oili nzito au washa katika springi ya vali ili taa izimike?

5. Daftari la gari la chama chenu liletwe kikaoni. Je, mtu asiyelijua gari hilo aweza kusoma ndani yake afya ya injini kwa miezi mitatu iliyopita?

6. Dereva wenu akiona taa ikimetameta kesho, atamwambia nani, na atajibiwaje?